Sala Mbele ya Bosi

Loice, sikia yaliyonikuta. Niko garini nje ya ule mkahawa wa kifahari wa Kikanada, hapa mjini Plano, huku ughaibuni.

Bosi wa Kimutai alitualika. Ikaletwa nyama ya nyati iliyomwagiwa utomvu mtamu wa mti. Nikafumba macho, nikaombea chakula kwa Kiswahili, kwa sauti, kama tunavyoomba nyumbani.

Kimutai akanikanyaga mguu. Akanikanyaga, Loice! Kisha akamwambia bosi, "Msamehe, bado ana ushamba."

Ushamba! Mchumba wangu mwenyewe!

Na yule bosi alikuwa ameinamisha kichwa, ametulia, akingoja nimalize.

Sasa Kimutai ameniandikia: "Rudi uombe radhi, ama harusi hakuna."

Nimeshawasha gari. Aombe lifti kwa bosi.

Mimi siombi radhi.