Siku Ulipovuta Kiti Ukaja Upande Wangu

Mama yangu, uliyenizalia mume, mume akaondoka, wewe ukabaki,

Salaam alaykum huko uliko. Sisi hapa Cibitoke tupo. Leo maji yametoka mapema, nimejaza bido zote mpaka masufuria. Hamisi amekwenda shule na shati lililopigwa pasi upande mmoja, na Yusufu amekwenda amenuna kwa sababu nimemkatalia kuvaa jezi ya mpira ndani ya sare. Nimekaa barazani na cherehani yangu, sare za watoto wa watu zinanisubiri, lakini mkono hautaki. Nina jambo la kukueleza, na kwa jinsi unavyonijua, sitalifikia bila kuzunguka kwanza.

Unaikumbuka siku uliyokuja? Issa alikuwa ameshanipa talaka, ameshabeba begi lake kwenda Mutanga Nord kwa mke mpya, na mimi nilikuwa bado sijazoea kulala katikati ya kitanda. Mara teksi inasimama mlangoni, unashuka wewe kutoka Nyakabiga, beseni kichwani, mkeka wa kusalia kwapani. Nikasema basi, huyu amekuja kuchukua watoto. Kwenu, kama kwa watu wengi hapa kwetu, mtoto wa kiume ni wa upande wa baba, na anayetumwa kumchukua huwa ni bibi yake, maana nani atathubutu kumfukuza bibi? Nilisimama mlangoni na mkasi mkononi, nimesahau hata kama nimeushika.

"Unataka kunishona ama kunikata?" ukaniuliza. "Pokea beseni. Mi nimekuja kukaa."

"Kukaa mpaka lini, Mama?"

"We unanifukuza hata sijavua viatu?"

Ndivyo ulivyoingia. Nami wiki za mwanzo nilikuchunga kama askari. Ukimwita Yusufu chumbani, na mimi nina kitu nimesahau chumbani. Ukisema unawapeleka sokoni, na mimi nimeishiwa uzi ghafla. Kumbe ulikuwa unaniona. Siku moja tunachambua lengalenga, ukanitazama, ukacheka mpaka kilemba kikakaa upande. "Nikitaka kuwaiba nitawaiba ukiwa unasali," ukasema. "Sasa tulia, tumalize mboga." Jamani! Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikalia humo humo kwenye mboga. Ulivuta ungo, ukaendelea kuchambua.

Sijui nani alikufundisha kulea wavulana. Mimi nilikuwa nawalea kwa kelele tu. Asubuhi nyumba hii ilikuwa vita: huyu kaficha kiatu cha mwenzake, yule anadai chai ya mwenzake ina sukari zaidi, na mimi katikati nimeshika mwiko, nawauliza baba yenu yuko wapi, na huku najua fika yuko wapi. Neno hilo ulinikataza. Ulinivuta nyuma ya nyumba ukaniambia taratibu, "Hao usiwaulize. Ukitaka kumtukana Issa, njoo kwangu, tumtukane sote." Na kweli tulimtukana. Mwanao wa kumzaa! Ukimaliza unasema, "Lakini Mungu amuongoze," na mimi naitikia amina kwa shingo upande.

Kisha ukawaingiza jikoni. Hamisi alikuwa darasa la pili, ukamkalisha mbele ya mbabula, ukamwonyesha makaa yanavyopangwa, moto unavyopulizwa bila kujijaza majivu usoni, na kwamba maharage huongezwa maji ya moto, si ya baridi. Yusufu ukampa kazi ya kufua soksi, zake na za kaka yake. Jirani yetu Mama Fabiola akapita, akashika kiuno.

"Eh, Mama Shabani! Mutoto mwanaume, jikoni?"

Hata hukugeuka. "Kwani mikono yake imekatika?"

Mama Fabiola alicheka sana, lakini haikupita wiki nikamwona mwanawe naye yuko nje anasugua sufuria, mdomo umemshuka. Nadhani wavulana wa mtaa mzima walikuwa wanakulaani kimyakimya.

Na Ijumaa je? Mimi nilikuwa naumia, kila mtoto anakwenda msikitini na baba yake, wangu wananitazama mimi. Ukawa unawashika mkono mpaka mlango wa wanaume, unamsimamisha mtu yeyote unayemwona na sura ya heshima, unamwambia, "Baba, hawa ni wako mpaka mutoke." Hakuna aliyewahi kukukatalia. Siku nyingine walikuwa wanarudi wamepewa hata tende.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili.

Shabani, mwanao mkubwa, alituma neno kwamba wanakuja. Unamjua mwenyewe: mwenye duka la vitambaa, anasema polepole na watu wote wananyamaza. Alikuja na wazee wawili wa ukoo na kasiye mbili za soda, chupa zimejaa, zinatoa jasho la baridi. Issa mwenyewe hakuja, alituma salamu. Wewe ulivaa kitenge chako kizuri ukaenda kukaa upande wao, kama desturi inavyotaka, mama na wanawe. Mimi nilibaki upande wangu peke yangu na viti vitupu. Sikuwa na mtu. Shangazi aliyenilea alikuwa ameshafariki, naye maisha yake yote hakuwa na mume wala wakwe. Mambo ya kupokea ujumbe wa ukoo nilikuwa nayaona harusini tu, kwa mbali, nikiwa nyuma na sinia.

Nilichojua mimi ni kwamba mgeni akikaa, anapewa kitu cha kunywa. Sikujua, ama nilijua na hofu ikanisahaulisha, kwamba kinywaji kinacholetwa na neno hakifunguliwi kabla neno halijasemwa. Ukikifungua ukanywa nao, neno lao umelipokea, hata hujalisikia. Baadaye ukilia utaambiwa: si ulikunywa?

"Shemeji, jua ni kali," Shabani akasema. "Tuletee kifungua chupa."

Nami mbio. Huwa kinaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha. Hakipo. Nikatafuta kabatini, nikatafuta kwenye kikapu cha vijiko, nikapekua hadi kisanduku cha vifungo. Nikamwita Hamisi nikamfokea bure. Jasho linanitoka, aibu imenijaa, wageni wa heshima wana kiu na mimi sina cha kufungulia. Mzee mmoja akasema haidhuru, yeye atafungua kwa meno.

"Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu, shemeji," ukamwambia. "Yaache."

Mama! Ulikuwa umekikalia! Umekaa juu ya kile chuma, mikono magotini, umetulia kama mtu anayesubiri mawaidha yaanze.

"Neno kwanza," ukasema.

Hapo ndipo akili yangu iliponirudia. Nikakaa chini. Shabani akalisema neno lake, na kusema kweli alilisema vizuri, bila kunidharau. Watoto wa kiume hawawezi kukua bila mwanaume ndani ya nyumba. Wahamie kwake Nyakabiga, watasoma, watakula, watajifunza biashara. Mimi bado kijana, nitaolewa tena, na mume mpya hatapenda kuwaona. Kila sentensi ilikuwa ya adabu na kila sentensi ilikuwa inanichinja. Kisha akatazama vile viti vitupu, akauliza, kama inavyotakiwa, "Upande huu, nani anasema?"

Kwa desturi, mwanamke hajisemei.

Ukainuka. Nilifikiri unakwenda kuswali. Ukakishika kiti chako cha plastiki mgongoni, ukakivuta katikati ya sebule, kinapiga kelele kwenye sementi, ukaja ukakiweka kando yangu, ukakaa. Bega lako likagusa langu.

"Upande huu nasema mimi."

"Mama," Shabani akasema, na sauti ilikuwa imeshapoteza ule upole wake, "we ni wa kwetu!"

"Mi ni mama yako, hilo halibadiliki. Leo nakaa hapa." Kisha ukamwambia lile ambalo sikuwahi kulisikia, na nadhani hata yeye hakuwahi. "Baba yako alipofariki, walikuja kwangu hivi hivi. Ndugu zake. Nikafungua vinywaji kwa mkono wangu, nikawapa, nikanywa nao, kwa adabu. Ndipo wakasema neno. Wewe ukapelekwa Rumonge. Issa wakaniachia kwa sababu alikuwa ananyonya. Ulirudi sauti imeshakuwa nzito, Shabani. Ulisimama mlangoni kwangu ukaniamkia, ukasubiri nikukaribishe. Mwanangu, unasubiri kukaribishwa kwetu! Mpaka leo unasubiri. Sasa hawa, apana. Hawa wanakaa na mama yao."

Yule mzee wa meno aliangalia dari. Shabani akatazama mikono yake, kisha akasema, "Tumesikia, Mama." Wakainuka, wakabeba kasiye zao na chupa zote zimejaa. Yusufu akawafuata mpaka kwenye gari analia kwa sauti, maana alikuwa ameshajichagulia yake, ya machungwa. Ukambeba mgongoni mtoto mzima yule, ukamwambia soda ile ilikuwa imeharibika. Na mimi nilipokuja kukuangukia miguuni kushukuru, ukanitoa mbio: "Niletee mafuta nijisugue kwanza, kile chuma kimeniumiza."

Mama, tangu niolewe nilikuheshimu kwa sababu nilifundishwa kumheshimu mama mkwe. Siku ile nilikupenda. Nimeona watu wajasiri, wa maneno na wa mikono. Sijaona mtu mwingine aliyeinuka mbele ya wanawe, akajitoa kwenye kiti chake cha heshima, akaenda kukaa na mwanamke aliyeachwa. Nilitaka kukuambia hivyo ukiwa hai, nikaona haya. Tulikuwa na maharage ya kuangalia, tukaangalia maharage.

Ulituacha wakati wa mvua, asubuhi, Yusufu ameshika mguu wako kama anayekuzuia usiteremke kitandani. Na msibani hapo hapo, wanawake wako ndani wanakata vitunguu, nikasikia mmoja ananong'ona: "Aliyekuwa anawazuia ameondoka. Watoto wale sasa wanakwenda." Toka hapo sikupata usingizi wa maana. Gari likipunguza mwendo mtaani, mguu wangu unaacha cherehani. Nilisubiri arobaini yako ipite, nikijua wataheshimu mpaka hapo, hawatazidisha.

Jana baada ya alasiri gari la Shabani likasimama mlangoni.

Nikawaambia watoto waingie ndani. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, mengine uliyonifundisha wewe nyuma ya nyumba. Alikuwa peke yake, hana kitu mkononi. Sikumpa hata kiti. Nilimwambia pale pale, "Shemeji, kama umekuja kwa habari ya watoto, jibu ni apana. Nasema mwenyewe."

Akakohoa. Akaniuliza, "Mama alikuwa anaamka saa ngapi?"

Nikafikiri sikusikia vizuri.

"Asubuhi," akasema. "Alikuwa anaanza na nini? Alikuwa anapenda nini? Mi nilikuwa nakuja, namwamkia, naacha kitu, naondoka. Nyinyi mumekaa naye. Mi simujui, shemeji. Nimemzika mama na simujui." Na Shabani wako, Mama, yule wa maneno ya kupima, akafuta macho kwa mkono wa kanzu kama mtoto.

Nikamkaribisha ndani. Nilimkaribisha kwa nguvu, nikamshika mkono kabisa. Watoto wakatoka, maana kumbe walikuwa nyuma ya pazia wanasikiliza. Yusufu hana haya, akaanza yeye: kwamba ulikuwa unakoroma na ukiamshwa unakana, kwamba ulikuwa unagombana na msomaji wa habari wa redioni, unamwambia mwongo mkubwa we. Mimi nikamweleza jinsi ulivyokuwa ukianza siku kwa kufungua madirisha yote, hata kuwe na baridi. Shabani alikuwa anauliza tena na tena, tuyarudie, kama mtu mwenye njaa.

Kisha Hamisi akasema, "Na mi alikuwa ananiita Shabani."

"Nani?"

"Bibi. Kila siku. 'Shabani, lete maji. Shabani, umekula?' Akisahau tu."

"Na wewe ulikuwa unasemaje?"

"Naitika," Hamisi akasema. "Wewe si hukuwepo."

Shabani alimvuta yule mtoto, akamkumbatia, akaegemeza uso kwenye shati lake la shule, akalia pale mbele yetu, bila kujificha. Sikujua niangalie wapi. Yusufu alimletea kikombe cha maji, akakaa naye chini.

Alipoinuka kuondoka magharibi ilikuwa imeingia. Mlangoni akaniambia, "Watoto wakae hapa, shemeji. Mi ndio nitakuwa nakuja." Na akauliza kama kesho anaweza.

Basi pumzika, Mama. Mungu akulaze pema, na huko uliko usinyamazie uongo wa mtu. Mwanao anakuja tena leo, na ameniambia nisimfungulie mlango, ataingia mwenyewe.

Ni mimi,
mama yao.