Kimpira Ulichoninunulia

Mama Akinyi wangu,

Pole na baridi ya huko Suna. Hapa kisiwani Takawiri, nilikokuja kuvua, hatujala samaki siku mbili. Mvuvi mmoja, Odhiambo, alizama, na watu wa hapa hawavui mpaka mwenzao apatikane.

Leo asubuhi ndugu yake alinijia: "Omera, ndugu yangu, kuja na kile kimpira chako kinaona chini ya maji." Tukaingia kwenye mtumbwi. Nilikirusha kwa fimbo ya kuvulia, kikaelea, kikatuma habari kwenye simu yangu, nayo ikaanza kuchora samaki wadogo, wengi sana. Hakuna aliyewajali. Kisha ikachora mmoja mkubwa, amelala chini kabisa, hasogei. Ulimi ukaniteleza: "Mbuta!" nikidhani ni yule sangara mkubwa.

Ndugu yake Odhiambo aliinamia simu. "Huyo si samaki," akasema.

Mashine yenyewe haina picha ya mtu. Kila kitu inakiita samaki.

Wenzake walipiga mbizi, wakamtoa. Kesho tunamzika nyumbani kwa mama yake.

Kimpira nimewaachia wavuvi wa hapa. Wakumbatie watoto. Nitarudi mikono mitupu, mama, lakini nitarudi.

Wako,
Baba Akinyi