Swali Uliloulizwa Wewe, Nikajibu Mie

Dada yangu Mwanaisha,

Nasikia huko Unguja unawaambia watu kuwa mie ndiye niliyekuokoa wewe na mwanao. Sifa hiyo imenifika hadi huku Ole, Pemba, na kwa miaka nimeila kama halua ya bure. Sasa inanikwama.

Labda hukumbuki, maradhi yalikuwa yamekushika. Ulikuwa hulali, huli, unasema tu. Ulisema umenunua mikarafuu yote ya Ole, tukacheka. Ukasema mvua inanyesha kwa amri yako, tukacheka. Ukasema una mimba, tukacheka vilevile. Hatukujua tena lipi la kweli.

Kule hospitali Chake nilikokupeleka, daktari akasema dawa ya kukutuliza ipo, ila haianzwi ovyo. Kwanza wapime damu, figo na mkojo, maana ikimkuta mtoto tumboni yaweza kumlemaza. Nesi akakugeukia: "Bi Mwanaisha, mwezi huu siku zako umeziona?"

Haya ikanipanda. Kaka mtu asikie mambo hayo? Nikadakia: "Hana kitu huyu! Mumewe yuko Unguja. Tupeni dawa, gari ya Ole yaondoka."

"Kwani boti za Unguja hazirudi?" nesi akanijibu. "Na nimemuuliza yeye. Wewe hebu toka nje."

Nikatoka nikimsonya. Majibu yalipokuja kuwa una mimba kweli, ulinitazama ukasema, "Si niliwaambia?" Basi. Wewe ambaye siku hizo ulikuwa humalizi maneno. Daktari akakuandikia dawa nyingine.

Ridhiki akazaliwa mzima. Shemeji akanishukuru, nami nikapokea. Tangu hapo nasoma kila karatasi inayokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa, hata ya minyoo. Nikifika palipoandikwa "wajawazito", naikunja upesi kama mtu aliyefumwa.

Sasa mwataka siku ya harusi ya Ridhiki nisimamishwe mbele za watu, mjomba aliyemwokoa bi harusi. Nitakuja, inshallah, lakini msinisimamishe. Ridhiki yupo kwa sababu nesi alikuuliza wewe, akangoja jibu lako. Aliyetaka uimeze dawa ile papo hapo ni mie.

Mwambie mwanao, kabla hajanibusu mkono.

Kakako,
aliyekusemea bila kutumwa