Mapigo Yaliyochelewa

Shamba la Brakfontein,
Karoo.
Ijumaa, 14 Julai.

Mpendwa Kaka Denver,

Pokea salamu zangu, nikitumaini baridi ya Cape Town haijakurudishia kile kifua. Sisi tu wazima. Baba yuko mnadani Calvinia na kondoo, atarudi kesho. Naandika kwa kalamu kwa kuwa simu, unajua mwenyewe, huku ni marufuku. Yale masinia makubwa ya kituo cha utafiti yanayosikiliza nyota husikia hata simu iliyo mfukoni.

Kaka, nilichaguliwa kushinda kituoni wiki nzima, nikirudi nyumbani kila jioni! Mimi, ninayeshindwa hata kuitika jina langu darasani. Daktari Refilwe, mtaalamu wa nyota wa pale, aliniuliza kwa nini dunia hulizunguka jua. Nikanong'ona kwamba jua linaivuta. Akacheka: "Kwa kamba gani, mdogo wangu?" Kisha akanieleza kwamba uzito wa jua hupinda anga yenyewe, pamoja na wakati, na dunia inajiendea tu njia iliyonyooka kadiri inavyowezekana ndani ya mpindo huo. Ndiyo sababu njia ya sayari ya Utaridi husogea kidogo kidogo, jambo lililowasumbua wataalamu miaka mingi.

Jumanne asubuhi tulisikiliza nyota mbili zilizokufa, zinazozungukana. Moja hupiga kama saa. Ikipita nyuma ya mwenzake, mapigo yake hukatiza kwenye anga iliyopinda, yakafika yamechelewa sehemu chache tu za milioni za sekunde. Na kanuni ya kuchelewa huko ilikwishaandikwa karatasini kabla mtu yeyote hajazisikia! Mwili ulinisisimka. Waliijua watu wenye kalamu tu, Kaka.

Mara ikaingia kelele, tak, tak, tak, kila sekunde, ikafunika yote. Wakubwa wakamshuku Mzee Sarel, dereva wa kituo, aliyewahi kukutwa na simu garini. Wakampekua mbele yetu. "Na soksi mzikague," akawaambia, "labda zinampigia mtu simu." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Meneja akasema mwisho wake wa kazi ni Ijumaa.

Kaka, ni mimi. Jumatatu bweha aliua wanakondoo wetu wawili. Nikatoa stoo ile mashine ya zamani ya uzio wa umeme tuliyokatazwa na kituo, ile inayopiga tak kila sekunde, nikaiwasha. Nilidhani kilima kitazuia kelele zake zisifike kituoni. Jumanne jioni niliizima, nikanyamaza.

Jana wakati wa chai nilisimama. Kiingereza kikanikimbia, nikaungama kwa Kiafrikana chetu. Meneja akaniamuru nikusanye vitu vyangu nisirudi tena. Mzee Sarel, ambaye kazi yake imebaki, ndiye aliyenileta nyumbani. Getini akasema, "Siku mbili, mtoto wewe! Siku mbili nakula bila kusikia ladha." Nililia. Hakunibembeleza.

Leo asubuhi Daktari Refilwe amekuja kuipima mashine, apate kuyaondoa matak-tak yake kwenye rekodi ya Jumanne. Mchana akarudi na karatasi ya matokeo. Chini ya kelele zangu mapigo yalikuwepo, yamechelewa sawasawa na hesabu. Nilifurahi mno, kisha nikaona haya kufurahi.

Msalimie wifi na mtoto. Baba usimwambie chochote. Kesho nitamwambia mwenyewe, akishashusha mizigo.

Ni mimi mdogo wako,
Maralise