Duara la Mwisho Kwenye Picha ya Kinu

Papa Sadi,

Ile karatasi yako kubwa nimeiharibu, kwa mkono wangu mwenyewe. Nakuambia hilo kwanza maana hukupenda kuzungushwa.

Bado ipo ukutani, pembeni ya skrini, katika chumba chetu cha makumbusho. Unakumbuka siku ulipoianza? Uliniketisha kwenye kiti cha plastiki ukasema, "Usiwaulize wamejifunza nini, mutoto. Watakujibu kwa adabu tu. Tazama kidole kinasimama wapi." Mgeni akigusa picha kwenye skrini na kupita, tunachora duara dogo kwenye karatasi, mbele ya jina la picha ile. Akikaa, duara kubwa.

Hiyo ilikuwa akili yako. Rangi zilikuwa zangu, kila mgeni kwa kwao alikotoka: buluu kwa watu wa ziwani, kijani na nyekundu kwa zile pande mbili za Nyunzu zinazopigana. Ulinikataza. "Rangi hizi zitatuletea mambo." Nikakuona umezeeka, Mungu anisamehe. Tulinuniana wiki nzima, ukaugua, tukakuzika kabla sijakuomba radhi.

Sasa waliokimbia Nyunzu wamejaa hapa Kalemie, wanalala madarasani, na mchana wanakuja kutazama picha. Ijumaa asubuhi waliingia wanaume watatu wenye bunduki. Mkubwa wao akaisoma karatasi polepole, maelezo ya rangi nilikuwa nimeyaandika vizuri pale chini. "Hawa wa nyekundu wanalala wapi?" Nikasema sijui. Akasema watarudi kuichukua baada ya sala.

Ningeificha, wangeniuliza iko wapi. Nikachukua mkaa jikoni, nikafuta maelezo yale, nikapaka duara moja moja mpaka vidole vikaniuma. Nililia, Papa, sikufichi. Kazi yako yote.

Wakarudi. "Hii nyeusi yote njo nini?"

"Njo watu," nikajibu. "Ni watu tu."

Alinitazama kwa hasira, kisha akageukia skrini. Akagusa picha ya kinu cha kutwangia, kama kile cha kila ua wa kwetu, ileile yenye maduara makubwa kuliko zote. Kidole kikabaki pale. Nami kwa mazoea uliyonitia nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, nikapita mia. Akawaita wenzake, wakaondoka bila kuigusa karatasi.

Nimemchorea duara lake. Kubwa, jeusi kama mengine.

Pumzika, Papa, na unisamehe zile rangi. Kesho nitafungua mlango, na mgeni akiingia sitamuuliza anatoka wapi. Nitatazama kidole.

Mwanafunzi wako mkaidi,
Zaituni