Mluzi wa Inspekta

Madurai, Jumapili

Baba Yazhini,

Huko milimani walikokuhamishia, natumaini hujambo. Meno mawili ya mbele ya Yazhini yameng'oka. Mama yako bado anagombea kamba ya nguo na jirani.

Jana inspekta wako alitupeleka sinema, kota nzima ya polisi. Filamu ya polisi mkaidi anayewatandika wakubwa wake wala rushwa. Ukumbi ulilipuka, na aliyepiga mluzi kuliko wote ni inspekta mwenyewe! Akanigeukia: "Shemeji, huyo ndiye mwanamume!"

Yazhini akadakia, "Kama baba yangu!"

Watu wakacheka. Inspekta hakucheka.

Leo asubuhi kaniletea karatasi iliyokwisha kuandikwa, eti mimi mkeo nashuhudia kwamba habari ulizopeleka juu, za rushwa anayokula kwa malori ya mchanga wa wizi, ulizitunga wewe. "Tia sahihi, shemeji, au kesho mhame kota."

Nimetia. Usinikasirikie, mama yako ningemlaza wapi?

Tangu jana Yazhini anajifunza kupiga mluzi kwa lile pengo lake. Anasema atakupokea nao siku utakayorudi, kama alivyopigiwa yule polisi wa kwenye filamu. Sijamwambia nilichotia sahihi.

Mimi mkeo,
Poongodi