Kitabu cha Mlango wa Sita

S.L.P. 214,
Churchill, Manitoba.
Alhamisi, 6 Novemba 2014.

Mpendwa Dada Ardith,

Shikamoo dada yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hamilton, na lile goti limepunguza kelele zake. Shemeji Lloyd je, bado anabishana na daktari juu ya chumvi? Sisi huku tu wazima. Mimi tu ndiye usingizi umenihama, na lawama kidogo ni zako, maana wewe ndiye uliyenitumia kile kitabu.

Uliponiuliza kwenye simu nimekionaje, nilikujibu ni kizuri, halafu nikasingizia maharage yanaungua. Hayakuwapo maharage yoyote. Leo nakupa maoni yangu yote, tena mbiombio, kwa sababu saa nane mchana natakiwa kusimama maktaba niseme jambo mbele ya watu, na nataka wewe ulijue kabla yao. Nimeshainuka mara tatu kuangalia saa.

Basi kitabu. Nusu ya kwanza niliipenda mno. Watu arobaini wanaishi kwenye kituo juu ya mwezi mmoja wa Zohali, nje baridi ya kuua, na sheria yao kubwa ni moja: mlango wa nje haufungwi kwa ufunguo, hata uwe umegombana na nani, maana aliye nje hana pengine pa kukimbilia. Kisha fundi wao anakutwa amekufa nje ya mlango wa sita, mkono bado uko kwenye kitasa. Nani aliufunga? Yule mpelelezi, Tamsin, anapita chumba hadi chumba akiuliza swali lile lile, nami nilimsoma nimesimama jikoni, sufuria imenikaukia.

Kasoro zipo. Mwandishi hajui baridi. Hakuna mtu anayeegemea chuma cha baridi namna ile, mikono mitupu, akapiga soga kurasa mbili. Lakini ile sheria aliielewa kama mtu aliyezaliwa mtaani kwetu.

Wewe huwezi kuwa umeisahau, hata kwa miaka yote hiyo ya mjini. Hapa gari halifungwi, kwa sababu ya dubu. Mama alitufundisha hilo kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Ukikutana na dubu unaingia gari lililo karibu, liwe la nani, na mwenyewe akikukuta ndani anakuuliza tu kama umeumia.

Sasa nisikilize. Ile miezi kumi na moja niliyokaa Winnipeg nikimuuguza marehemu mume wangu, kwenye jengo letu yaliibwa magari matatu. Nikazoea kubonyeza rimoti kila niliposhuka. Niliporudi nyumbani nilirudi na mazoea hayo, na kidole kikawa kinabonyeza chenyewe bila mimi kuwa na habari.

Ile asubuhi ya Oktoba mwaka jana, Mzee Alphonse Redhead alipodakwa na dubu, nilikusimulia habari nusu. Alikuwa ametoka dukani na mkate wake, dubu akatokea nyuma ya mabehewa mabovu. Akakimbilia magari manne yaliyoegeshwa mbele ya posta. Akavuta mlango wa gari la kwanza, ukagoma, akauvuta tena, na hapo hapo akakamatwa bega. Watu wa doria ya dubu walipiga fataki, dubu akakimbia. Mzee alipona, lakini vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki tena, na fidla yake iko ukutani tangu siku hiyo.

Kwa mshtuko, mzee hakukumbuka alivuta mlango wa gari gani. Mimi ninajua. Nilikuwa ndani ya posta nikisubiri kifurushi. Nilipotoka walikuwa wameshamchukua. Nikabonyeza rimoti, gari langu likalia, likafunguka, na kwenye kitasa palikuwa na damu. Niliifuta kwa skafu yangu, dada. Hilo ndilo ninalolionea haya kuliko yote.

Watu walitafuta wa kumlaumu, wakampata Roxanne Tully, yule mama aliyetoka kusini kuja kuendesha watalii. Gari lake lilikuwa ubavuni mwa langu. Aliapa kwamba hakulifunga. Nani angemwamini? Mkahawani alikaa peke yake, dukani hakusalimiwa, na wiki ya tatu alipanda treni akaenda zake. Nilimwona anapita dirishani kwangu na sanduku lake. Nikaendelea kukunja nguo.

Kwa hiyo utaelewa kwa nini nilikimeza kitabu chako kama dawa. Nilitaka Tamsin amkamate aliyeufunga mlango, na papo hapo nikawa naomba asimkamate. Na mwisho ukaja: mlango ulifungwa na mashine ya kituo, ilikuwa inaokoa hewa. Hakuna mwenye kosa. Watu thelathini na tisa wanakumbatiana, kitabu kinaisha. Dada, nililala siku mbili kama mtoto. Nikajiambia, hata kwangu ilikuwa rimoti tu.

Halafu ikafika Alhamisi iliyopita, siku yetu ya kujadili vitabu maktaba. Bernadine, mkutubi wetu, ndiye aliyefungua mjadala.

"Mimi nimefurahi hakuna muuaji," alisema. "Tumechoka na wauaji."

"Umefurahi kwa sababu si wewe uliyefia mlangoni," akajibu Mzee Alphonse. "Huyu mwandishi ni mwoga. Kaona haya kumtaja mtu, kaisingizia mashine."

"Haya, ulitaka amtaje nani, Mzee?"

"Yeyote. Mpishi, daktari, yeyote yule. Mtu ningemjua, nikamnunia, mpaka siku moja nikachoka kununa. Sasa mashine nitainunia vipi, Bernadine? Niipite bila kuisalimia?"

Wote walicheka. Na mimi nilicheka, chai ikanipalia, nikatoka nje nikisingizia kikohozi. Tangu hapo sijatulia. Nafagia palipofagiliwa. Nalala kwa saa mbili tu, naamka, nakaa kitandani.

Jumamosi nilikwenda kwake. Alikuwa anakaanga mkate kwa mkono wake mmoja mzima. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, koti sijalivua, maana ningekaa nisingesema.

Aliugeuza mkate. "Ni lile gari lako la bluu?"

"Ndiyo."

"Na yule mama wa kusini tukamfukuza."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nilimtukana, Verna. Bega limefungwa bandeji, nikajikokota mpaka kituo cha treni, nikamtukana mbele ya watu. Alikuwa analia. Nikamwambia machozi yake ayapeleke kusini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mkono wake, sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mkate ukaungua akautupa.

"Alhamisi utasema maktaba," akaniambia. "Useme yote, na ile damu uitaje. Anwani ya yule mama utaitafuta wewe mwenyewe, kisha unipe na mimi." Akanifungulia mlango. Kuhusu msamaha hakusema, nami nisingethubutu kuuliza.

Anwani nimeipata. Roxanne yuko Brandon. Barua niliyomwandikia ina mistari sita, na imenimaliza siku nne. Itaondoka na hii yako kwa treni ya leo jioni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwandishi anajua kuandika, lakini kwa mwisho ule alituonea huruma tusiyoistahili. Ukiona nimekosea niambie. Na ukiona aibu kuwa na mdogo kama mimi, niambie pia, ila usiache kuniandikia.

Nisalimie Shemeji Lloyd, Marcy na wanawe, na Shangazi Isobel ukimtembelea. Bernadine anakusalimu, ingawa sijui kama baada ya leo atataka salamu zake zipitie kwangu. Mungu awalinde nyote, na nyumba yako isikose moto wala wageni.

Nilikuwa natia sahihi simu ikalia. Ni Mzee Alphonse. Amesema hivi, naandika kama alivyosema: "Bado nimekununia, ujue. Ila kuna dubu kaonekana karibu na shule, usije ukatoka kwa miguu. Nakuja kukuchukua." Akakata kabla sijajibu. Nimeshavaa koti, nakaa hapa dirishani.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Verna